Kaharabu ya bibi na elektrodi tatu zilizohukumiwa bure

"Fundi, elektrodi ya tatu nayo imekufa."

Ndivyo alivyoanza, bila hata salamu, dada wa maabara aliyenipigia simu Jumanne moja asubuhi. Kiwanda chao sikitaji wala mtaa siusemi. Itoshe kwamba kiko Dar es Salaam, wanatengeneza sosi ya pilipili, na maabara yao ina feni mbili, jiko la gesi la kuchemshia sampuli, na kipimo kimoja cha pH, yaani cha ukali wa asidi (namba ikishuka ukali unapanda), ambacho kila pipa la sosi lazima lipite mbele yake kabla halijaingia kwenye chupa. Mimi natengeneza vifaa vya maabara. Mizani, inkubeta, sentrifuji, na hivi vipimo vya pH, ambavyo ndivyo vinavyonilipia kodi ya nyumba, kwa kuwa vinaonekana kama saa ya ukutani ilhali tabia zao ni za mtoto mchanga.

Nikamwuliza, "Zile mbili za mwanzo mmezitupa?"

"Bado. Ziko kwenye droo."

"Usizitupe."

Nilifika saa saba, juu ya meza nikakuta kesi imeshaamuliwa. Fundi umeme wa kiwanda, kaka mmoja mchapakazi kwelikweli, alikuwa ameichukua elektrodi, ile fimbo ya kipimo inayochovywa kwenye sampuli, akaitumbukiza kwenye bafa ya pH 4, yaani maji ya kulinganishia ambayo pH yake inajulikana, akaipima kwa testa yake. Testa ilionyesha milivolti 8 na nusu. Kitabu kinasema ingepaswa kuonyesha kama 180. Akasema imekufa. Ikanunuliwa mpya, akaipima, 8 na nusu. Ikanunuliwa nyingine. Hapo wakaanza kumlaumu muuzaji.

Sasa ngoja nieleze, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Elektrodi ya pH ina kitunguu cha kioo chembamba kwenye ncha yake. Ule umeme unaoupima unapita ndani ya kioo, na kioo, kama unavyojua, si njia ya umeme. Hiki kimetengenezwa kwa namna ya kupitisha kidogo tu, na ukinzani wake unaweza kuwa megaohmu 100, 200, hata zaidi. Testa ya kawaida ya fundi umeme ina ukinzani wa ndani wa megaohmu 10. Kwa soketi ya ukutani au betri ya gari hiyo ni mingi mno, testa inachungulia tu bila kuchukua chochote. Lakini ukiiunganisha na kitu chenye megaohmu 200, testa inageuka mlevi. Volti karibu zote zinaishia njiani ndani ya kioo, zinazobaki kwenye testa ni sehemu 10 kati ya 210. Chukua 180, zidisha kwa 10, gawa kwa 210. Unapata 8 na nusu. Testa ilisema kweli tupu, ila ilikuwa inasema habari zake yenyewe.

Nilimwambia yule kaka: ni kama mtu anataka kujua kikombe cha muuza kahawa kina kahawa kiasi gani, halafu anapima kwa kukinywa. Alicheka, lakini aliinyanyua testa yake akaitazama kwa jicho la mashaka, nami nikajutia kidogo. Testa haina kosa.

Kwa kazi hii kinatakiwa kifaa kisichokunywa. Jina lake la jumla ni elektromita, na kila kipimo cha pH, hata kile cha plastiki cha kufugia samaki, ndani yake kina elektromita ndogo. Aliyekifanya kiwe kifaa cha mezani ni Arnold Beckman, mkemia wa California. Mwaka 1934 rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi na wakulima wa machungwa na malimau alimjia na shida: anataka kupima ukali wa maji ya limau, lakini galvanomita yake, kipimo cha mkondo cha zamani, inahitaji mkondo mkubwa, kwa hiyo lazima kioo kiwe kipana na chembamba sana, na kikiwa hivyo kinavunjika kila siku. Beckman hakushughulika na kioo. Alimtengenezea kikuza umeme cha valvu za redio, kinachohisi volti bila kuvuta mkondo wa maana. Kioo kikaweza kuwa kinene, kikaacha kuvunjika. Mashine inayolinda sosi ya pilipili ya Dar ilizaliwa kwenye malimau, jambo ambalo mimi naliona limekaa mahali pake.

Turudi mezani. Kama testa ilikuwa mlevi, mbona kipimo chenyewe cha pH nacho kilikuwa kinazikataa elektrodi zote tatu?

Niliweka elektrodi kwenye bafa ya 7. Milivolti 1. Vizuri, kwa sababu kwenye 7 inatakiwa iwe sifuri au jirani yake. Nikaisuuza, nikaiweka kwenye bafa ya 4. Maabara ilikuwa na nyuzi joto 30, na kwa joto hilo kila hatua moja ya pH ina milivolti 60 na kidogo, kwa hiyo hatua tatu ni 180. Kipimo kikapanda, kikasita, kikakaa 120. Theluthi moja ilikuwa imekwenda mahali.

Kwenye begi langu nina kopo la biskuti ambalo wenzangu wananitania nalo. Ndani yake kuna betri, rezista mbili tatu za kugawa volti hadi milivolti 180, swichi, na rezista moja ya gigaohmu 1, yaani megaohmu 1,000, nyembamba kama punje ya mchele, nisiyoruhusu mtu aiguse kwa kidole. Kariakoo niliitafuta duka kwa duka nikaikosa. Ililetwa na binamu yangu kutoka Muscat, ndani ya soksi. Nikachomeka kopo kwenye kipimo bila kupitia ile rezista. Kikasoma 180. Kipimo kizima basi? Nikageuza swichi, umeme upite kwenye gigaohmu kwanza.

Kikasoma 51.

Hapo nilijua. Kipimo kizima kingesoma 180 zilezile, maana kisichokunywa hakijali mrija ni mwembamba kiasi gani. Kusoma 51 maana yake ni kwamba mahali fulani, kati ya plagi na moyo wa mashine, palikuwa na njia ya kuvujia ya kama megaohmu 400. Na megaohmu 400 dhidi ya kioo cha megaohmu 200 ndiyo ile theluthi iliyopotea. Hesabu ilipokubaliana na nafsi yake nilisikia raha ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiye fundi.

Nikatoa lenzi, nikachungulia soketi. Katikati kuna pini ya dhahabu, pembeni chuma, na kati yao pete nyeupe ya plastiki, upana wake milimita mbili tu. Juu ya hiyo pete kulikuwa na ukungu mweupe kama wa chumvi kwenye kisogo cha mvuvi. Na ilikuwa chumvi. Elektrodi hizi hujazwa maji ya potasi kloridi, na pale maabara walikuwa wanazijazia palepale juu ya kipimo, chupa mkono huu, elektrodi mkono huu. Tone likidondoka, linafutwa kwa kitambaa. Kitambaa hakiingii ndani ya soketi. Ongeza mvuke wa lile jiko la gesi, ongeza hewa ya Dar, na ile chumvi inakunywa unyevu mpaka inakuwa mfereji.

Dawa: alkoholi ya isopropili, pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, mara nne, kila mara pamba mpya. Halafu maji yaliyotoneshwa kidogo, kwa sababu alkoholi inaondoa mafuta lakini chumvi haiipendi sana. Halafu alkoholi tena. Halafu draya ya nywele, kwa joto dogo, dakika kumi, dada akiwa ameishika kwa subira ya mtu anayesubiri wali uive. Nikachomeka kopo. 179.

Nikaomba zile mbili za kwenye droo. Elektrodi ya kwanza kwenye bafa ya 4: 178. Ya pili: 179. Ya tatu: 176, na hiyo ni kwa sababu ilikuwa imeachwa ikauka. Zote tatu zilikuwa hai.

Dada akanyamaza. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo sosi, tulikuwa tunasoma nini?"

Hili swali ndilo lililonifanya niandike. Kipimo kilipozikataa bafa, mtu mmoja alikuwa amebonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, kikaacha kulalamika, kikaendelea kutoa namba. Sosi yao halali ina pH 3.8. Kwa kuvuja kule, 3.8 ilisomeka 4.87. Chakula cha namna hii hakitakiwi kuvuka 4.6, kwa kuwa juu ya hapo vijidudu vya sumu ya botulini vinaweza kustawi ndani ya chupa. Kwa hiyo walichokifanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye dhamiri angekifanya: waliongeza siki. Ili kipimo kile kisome 4.6, sosi ilibidi iwe 3.4. Walikuwa wakimimina siki kwa wiki mbili.

"Ndiyo maana wateja," akasema, akaishia hapo.

Bahati yao kosa lilielekea upande wa siki. Sitaki kufikiria kifaa kinachovuja kuelekea upande wa pili.

Tangu hapo watu wakiniuliza elektromita bora ni ipi, naanza na swali la kijinga: utaiweka wapi, na nani ataigusa? Mashine yenyewe siku hizi haina shida. Kuna aisii, kile kidude cheusi chenye miguu kwenye bodi za elektroniki, LMC6001, ambayo mtengenezaji anaahidi haivuti zaidi ya femtoampea 25 kwenye mguu wake wa kuingilia. Femtoampea moja ni kama elektroni 6,241 kwa sekunde, kwa hiyo 25 ni elektroni 156,000 hivi. Inasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba taa ndogo ya chaja ya simu inapitisha mabilioni kwa mabilioni kabla hujamaliza kupepesa jicho. Shida iko nje ya aisii: kwenye bodi, kwenye mabaki ya dawa ya lehemu, kwenye alama ya kidole. Kidole kina mafuta na chumvi. Ukikigusisha kwenye kihami, kile kinachozuia umeme usipite, umechora barabara, na barabara hiyo huioni mpaka masika ifike.

Najua kwa sababu nimeijenga moja nyumbani, kwenye kopo la maziwa ya unga. Mguu wa kuingilia wa aisii haugusi bodi kabisa, umenyanyuliwa hewani na kulehemiwa kwenye kijiti cha Teflon, plastiki inayohami umeme vizuri sana. Kuuzunguka nimeweka pete ya waya inayobebwa na volti ileile ya mguu wenyewe. Mafundi wa kazi hizi wanaiita pete mlinzi, na siri yake ni nyepesi: maji hayatiririki kati ya madimbwi mawili yaliyo kimo kimoja. Umeme ukitaka kuvuja kutoka kwenye mguu unakuta jirani yake ana volti zilezile, unakosa pa kwenda. Kwenye mguu nimeunganisha kapasita, kitunza chaji, ya pikofaradi 100. Naichaji volti moja, naiacha, natazama inavyopungua. Kila milivolti 10 zinazopotea kwa sekunde ni pikoampea moja, yaani femtoampea 1,000.

Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, kabla sijaziba kopo vizuri: milivolti 30 kwa sekunde. Agosti, mchana, upepo wa kusi mkavu kidogo, kopo limezibwa na ndani kuna vifuko vya zile chembe za kufyonza unyevu ninazozikusanya kwenye maboksi ya viatu: milivolti moja kwa sekunde kumi. Waya zilezile, fundi yuleyule. Kifuniko kikiwa wazi, mwanangu akipita na sweta lake la shule, nailoni tupu, namba zinaruka ingawa yuko mita mbili. Ukiutikisa waya wa kupimia tu, nao unajizalishia chaji yake kwa kusuguana na ganda lake. Kwa hiyo kazi ya vipimo hivi hufanywa usiku, nimekaa, mikono mapajani, kama mtu yuko darasani kwa mwalimu mkali.

Nikichoka namkumbuka Marie Curie, mwaka 1898, kwenye chumba chake cha baridi na unyevunyevu Paris, mtaa wa rue Lhomond. Alikuwa na elektromita ya kwadranti, ile aliyoibuni Lord Kelvin, yenye kioo kidogo kinachotupa doa la mwanga kwenye rula. Madini yaliwekwa kwenye sahani, mionzi yake ikaifanya hewa iliyo juu ipitishe mkondo mdogo mno, doa likaanza kuhama. Yeye alitundika uzito kwenye kipande cha fuwele ya kwatsi, ambayo ikivutwa inatoa chaji, kipaji kilichogunduliwa na mumewe Pierre na shemeji yake Jacques mwaka 1880. Mkono mmoja unaongeza uzito taratibu ili doa lisitoke kwenye sifuri, mkono mwingine una saa. Urani ilimpa pikoampea 24. Pechblende, mawe machafu ambamo urani huchimbwa, yalimpa 83. Jiwe linawezaje kuwa kali kuliko kiini chake? Kutokana na tofauti hiyo walifika kwenye elementi mbili mpya, poloni na redi (radiamu), mwaka uleule. Mtu mwingine, katika chumba kile chenye unyevu, angesema kifaa kinavuja, akaenda zake nyumbani.

Na kweli wapo walioamini vihami vyao ndivyo vinavyovuja. Kwa miaka kadhaa wanafizikia walihangaika na elektroskopu, vifaa vya kuonyesha chaji, zilizokuwa zinapoteza chaji hata baada ya kusafishwa na kuzibwa kabisa. Wengi wakasema ni mionzi ya ardhi. Padri Theodor Wulf akapanda na elektromita yake juu ya Mnara wa Eiffel mwaka 1910, akakuta chaji inapotea polepole zaidi kuliko chini, lakini si polepole kama ilivyotarajiwa. Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess akapanda kwa puto hadi mita 5,350, na huko juu ikapotea haraka kuliko ardhini. Mionzi ilikuwa inatoka angani. Hata kopo langu la maziwa linaipokea. Ukishaondoa kila uvujaji wa mikono yako, unabaki na ule wa mbinguni, ambao kwa kopo la lita moja haufiki hata femtoampea kumi. Sijawahi kuuona. Agosti ile nilikuwa karibu.

Karibu, ila kihami cha mlangoni, pale waya unapoingilia kopo, kilikuwa hakiniridhishi. Nikasoma kwamba hao wazee wa zamani hawakuwa na Teflon. Elektromita zao zilihamiwa kwa kaharabu, ule ulimbo wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe. Nikasimama. Kaharabu naijua mimi.

Bibi yangu mzaa mama, Pangani, alikuwa na tasbihi ya kaharabu, ya rangi ya asali. Baada ya alasiri alikuwa akitusugulia punje moja kwenye ukingo wa kanga, anaishusha juu ya makapi ya mchele kwenye ungo, na makapi yanaruka kuifuata. "Inanusa," alikuwa akisema. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba jina lenyewe limebeba mchezo ule: Waajemi waliiita kah-ruba, mnyakua makapi, Waarabu wakalichukua, na leo ukiwa Muscat bili ya umeme ni bili ya kahraba. Wagiriki nao jiwe hilohilo waliliita elektron. Kwa hiyo neno letu na la wanafizikia ni ndugu wa punje moja.

Tasbihi ilikatika uzi zamani, na mimi nimeachiwa punje tano ndani ya kichupa cha dawa. Zina tundu tayari. Waya unapita katikati, punje inakaa kwenye kopo, kihami kamili kama cha Paris. Nilihakikisha kwanza: kaharabu inaelea kwenye maji yaliyokolea chumvi, na yangu ilielea. Nikaisugua, makapi yakaruka. Kisha, kwa kuwa imeshikwa na vidole vya mtu mcha Mungu kwa miaka arobaini, nikataka kuiondolea mafuta. Nikalowesha pamba kwa asetoni, nikafuta.

Ikanata. Pamba ikabaki na nyuzi juu ya punje, na kidole changu kikaacha alama kama kwenye lami ya mchana.

Kaharabu hainati hivyo. Sandarusi ndiyo inayonata, ulimbo uleule uliokuwa ukichimbwa mwambao huu na kupakiwa Unguja na Bagamoyo kwenda kupaka vanishi samani za Ulaya. Nayo inaelea kwenye maji ya chumvi, nayo inanyakua makapi. Nilikaa na ile punje kiganjani muda mrefu. Halafu, kwa kuwa fundi hana adabu, niliifunga punje ya pili kwenye kopo bila kuipaka chochote, nikapima. Agosti ilikuwa imekwisha, lakini ilishika chaji sawasawa na Teflon. Novemba, vuli ilipoanza, ikavuja sawasawa na Teflon. Unyevu haukujali ni jiwe la nani. Ulikaa juu ya uso tu.

Nikampigia mama nimpe habari kwa upole, kwamba bibi aliuziwa sandarusi.

"Nani kakuambia aliuziwa?" mama akasema. "Ya kaharabu ilikuwa moja, akampa shangazi yako siku ya harusi. Hiyo yenu aliichonga babu."